Nyama Tumboni mwa Muuza Nyama

Damu ilikuwa kwenye sakafu ya bucha.

Najua, najua. Damu kwenye bucha ni kama chaki darasani, nani ashtuke?

Ila hii haikuwa ya ng'ombe.

Ilikuwa ya baba yangu!

Wateja wanne walikuwa kwenye foleni. Baba aligeuka kuchukua msumeno wa mifupa, akatuonyesha mgongo, na suruali yake ya kaki ilikuwa imelowa nyuma. Nyekundu. Tone moja likafuata mguu, likadondoka kwenye kigae.

"Muuzaji," mama mmoja akasema kwa adabu, "umekalia maini?"

Baba akajishika mezani.

"Nipo sawa."

Kisha akashuka taratibu hadi chini, kama mtu aliyekaribishwa kiti kisichokuwepo.

Nikapiga kelele. Na aliyefika mbio wa kwanza alikuwa shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Babu aliwaachia jengo moja, wakaligawa katikati kwa ukuta mwembamba kama ahadi. Upande huu baba anauza nyama. Upande ule shangazi anauza juisi, mbegu na unga wa majani ya kila aina. Hajagusa nyama miaka kumi na moja, na hajaacha kutuambia kwa miaka kumi na moja.

Aliingia, akaitazama damu. Ndugu zangu, mimi nilidhani atamwinua mdogo wake.

Akawageukia wateja!

"Mmeona? Mmeona kwa macho yenu? Nyama zimeanza kumdai! Haya, nani bado anataka kilo?"

Wote wanne wakatoka. Wawili wakaingia kwake.

Baba alikuwa bado sakafuni.

Kabla sijaendelea, nijitambulishe kwa heshima zote. Nina miaka kumi na saba, nasoma shule ya bweni, na wiki ile nilikuwa nyumbani si kwa likizo bali kwa barua. Barua ilieleza kwamba nimesimamishwa kwa "kuiga sauti ya makamu mkuu wa shule kwenye kipaza sauti na kuwaamuru wanafunzi mia nne wakalale saa kumi jioni."

Nakiri kosa. Walilala vizuri.

Sasa muielewe vita yenyewe. Shangazi ana ubao wa chaki nje ya duka lake, ameuelekeza kwetu kama mzinga. Umeandikwa: NYAMA NYEKUNDU NI KANSA. Baba naye akatafuta ubao mkubwa zaidi, akaandika: NG'OMBE ANAKULA MAJANI. KULA NG'OMBE.

"Majani nimekosa wapi?" alikuwa akimuuliza kila asubuhi wakifungua milango. "Ng'ombe kala majani siku nzima, mimi nimemla ng'ombe. Si nimekula bustani nzima, dada?"

"Cheka tu. Utacheka hadi kaburini."

Hizo ndizo salamu zao. Hawajawahi kuwa na nyingine.

Hospitalini nilimsindikiza mimi, mama alibaki kufunga bucha. Wakamfanyia kile kipimo cha kamera, kinachoingia kwa mlango ambao wageni hawaingilii. Baadaye tukaitwa kwa daktari, dada kijana mwenye miwani na haraka nyingi.

"Mzee, tumeona nyama kwenye utumbo mpana."

"Nyama?"

"Ndiyo, nyama. Ndiyo inayotoa damu. Ni kubwa kidogo, kama kichwa cha kidole gumba, kwa hiyo inataka maandalizi. Alhamisi ijayo uje tuitoe. Tukiiacha inaweza kugeuka kansa. Tumeelewana?"

Baba akafikiri kidogo.

"Ya ng'ombe au ya mbuzi?"

Daktari akacheka. "Mzee una utani wewe!" Akatukabidhi karatasi, na dawa ya kusafisha tumbo ya kunywa siku moja kabla, akaita jina la mgonjwa mwingine.

Mimi sikucheka mle ndani. Niliogopa. Biolojia nilikuwa naisikiliza siku ambazo sikuwa nimetolewa nje, na nilijua nyama gani inazungumzwa. Kinyama kinachoota, kama vile watu wanavyoota nyama puani.

Lakini kwenye korido, baba akasimama, akajipapasa tumbo, akasema kwa masikitiko makubwa:

"Zitakuwa zile mbavu za Jumapili. Sikutafuna vizuri."

Wapendwa... niliishika nguzo! Nilicheka ndani ya mkono wa sweta hadi machozi. Baba yangu, muuza nyama, alidhani amekutwa na mnofu umekwama!

Ningemrekebisha. Ilihitaji sentensi moja.

Sikuisema. Ilikuwa tamu mno kuiharibu.

Nyumbani baba alimtangazia kila aliyeuliza: "Wamekuta nyama tumboni." Ukuta ule hauzuii hata chafya. Shangazi akatokea mlangoni, macho yanawaka.

"Nyama tumboni! Miaka thelathini ya minofu imeganda humo kama mafuta kwenye sinki! Nilisema!"

"Ulisema, dada."

"Na kansa itakufuata!"

"Ikifika nitaielekeza kwako, ikanywe juisi."

Jioni ile ile shangazi alikuwa ameweka habari kwenye grupu la familia, watu sitini na tatu, pamoja na picha ya sakafu yenye damu. Alikuwa ameipiga picha! Mdogo wake wa damu amekaa chini, yeye anatafuta mwanga mzuri!

Kesho yake bucha liliuza nusu tu. Keshokutwa, robo. Baba alikuwa akinoa visu ambavyo havikuwa na cha kukata.

Nikaamua kumkomesha.

Niliingia chooni, kwa sababu choo kina mwangwi wa kisomi. Nikashusha sauti hadi ikafika magotini. Nikarekodi, na najinukuu mwenyewe kwa unyenyekevu:

"Habari zenu. Mimi ni Profesa wa magonjwa ya utumbo. Ndugu mwananchi, ukitaka nyama ngumu iive, unaweka nini sufuriani? Papai bichi! Utomvu wake unalainisha nyama. Sasa jiulize. Kama papai bichi linalainisha nyama ya sufuriani, litashindwaje na nyama iliyo tumboni? Glasi mbili kwa siku, siku arobaini. Hakuna haja ya kukatwa. Ahsanteni."

Katikati nikaweka na kikohozi cha mtu mwenye shahada tatu.

Nilitaka shangazi aonekane mjinga. Nilitaka asage papai bichi, watu wanywe, wakunje sura, wamcheke. Nikamtumia kwa laini yangu ya zamani, asiyoijua.

Dakika arobaini baadaye nilisikia blenda ukutani.

Jamani, sikujua kwamba ujinga una wateja wengi hivyo! Alifuta ubao wake, akaandika upya: JUISI YA PAPAI BICHI. HUYEYUSHA NYAMA ILIYOGANDA TUMBONI. Akaunganisha simu na spika kubwa, Profesa akawa anahutubia mtaa kuanzia asubuhi hadi kufunga. Foleni ikapinda kona. Mtu akaleta dumu.

"Huyu Profesa anaongea kama mtu aliyesoma," fundi viatu akasema.

"Msikilize hata anavyokohoa," akajibiwa.

Nilicheka hadi mbavu zikaomba talaka.

Hadi Jumatano, saa sita na nusu mchana.

Mama alikuwa ameweka mezani jagi la dawa ya kusafisha tumbo, na kikombe, na ile karatasi ya hospitali. Kuanzia saa kumi jioni baba alitakiwa anywe jagi zima ili kesho asubuhi atolewe ile nyama.

Baba akaingia, ameshika glasi ya juisi ya kijani.

"Hiyo mwaga. Siendi."

Mama alidhani hajasikia. "Huendi wapi?"

"Hospitali. Profesa amesema hakuna haja ya kukatwa. Nipo siku ya tano. Zimebaki thelathini na tano."



"Umekuwa mwehu?" mama akapiga kelele. "Daktari kasema itageuka kansa!"

"Daktari kasoma. Profesa kasoma zaidi."

"Profesa gani? Anakaa wapi? Ana uso?"

"Sauti yake inatosha."

Akatoka, akarudi buchani na glasi yake. Mama akapita mlango wa pili kama moto, moja kwa moja hadi kwa shangazi, na mimi nyuma yake.

"Wifi, mtoe mume wangu kwenye uchafu wako!"

"Uchafu? Miaka ishirini umempikia supu ya mifupa, leo mimi ndiye mchafu?"

"Akifa nitakuzika naye!"

"Akifa ni sufuria zako, si blenda yangu!"

Wateja kumi na wawili walikuwa wakitazama, glasi mkononi. Nikawasha kurekodi kwenye simu yangu, nikaitia mfukoni. Nilitaka ungamo langu liwe na ushahidi, baba asikie. Nikapanda juu ya kreti.

"Acheni! Profesa ni mimi!"

Nikajipiga kifua.

"Ile sauti ni mimi! Niliirekodi chooni! Hakuna Profesa! Nyama ya baba si ya kula, ni kinyama kimeota, na papai halikitoi!"

Shangazi akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Thibitisha."

Nikashusha sauti. "Habari zenu. Mimi ni Profesa wa magonjwa ya utumbo. Ndugu mwananchi..."

Nikaweka na kikohozi. Ilikuwa ile ile. Hata nywele za shingo yangu zilinisimama.

Na watu wale... wakapiga makofi!

"Kasuku huyu!" fundi viatu akashangilia. "Kamwiga Profesa hadi kikohozi!"

"Rudia ile ya sufuria!"

"Sijaiga! Ni mimi mwenyewe!"

"Ndiyo maana wamemfukuza shule," shangazi akawaeleza wateja wake. "Kuiga sauti za wakubwa. Leo anaiga msomi ili wagonjwa wasipone. Anamsaidia baba yake kuuza nyama!"

Akanizaba kofi. Lilikuwa kofi safi, halina kona.

Hebu nielewe, wewe unayesoma. Nimedanganya tangu nikiwa na meno ya maziwa na nimeaminiwa. Siku niliyosema ukweli, na ushahidi juu, nikapigiwa makofi ya aina zote mbili.

Saa nane kasoro. Nikakimbilia nyuma ya bucha, kwenye sinki la kuoshea matumbo, nimwambie baba.

Nikamkuta ameinamia mfereji. Glasi ya kijani mkononi.

Anaimwaga.

Akanisikia. Hakugeuka.

"Inanuka majani mabichi," akasema. "Sijui watu wanaimezaje."

"Baba... hunywi?"

"Sijanywa hata tone."

"Sasa Profesa..."

"Mwanangu." Akageuka. "Wewe ukiwa na miaka minne ulikuwa unaniigiza mimi kwenye simu, unawaambia wateja bucha limefungwa. Sauti yako nisiijue?"

Nikaegemea ukuta. Kisha nikauliza jambo lililobaki.

"Na nyama? Unajua ni nyama gani?"

"Nimekata matumbo ya ng'ombe miaka ishirini na sita. Nimeziona hizo nyama zikiota, nazijua kuliko yule daktari. Pale koridoni nilikuwa nakuchekesha tu. Ulikuwa umekauka usoni kama ngozi ya ngoma."

Yaani mimi, bingwa wa utani... nilikuwa nimetaniwa!

"Basi kwa nini huendi, baba?"

Akafungua bomba. Akaosha glasi iliyokuwa safi.

"Mkaguzi wa nyama akija, anapapasa utumbo hivi. Akikuta uvimbe, anaufungua. Ng'ombe kanona, ngozi inang'aa, ndani kumeharibika. Anagonga muhuri, wanakwenda kuchoma. Hasemi hata pole." Akafunga bomba. "Sasa mimi naogopa kufunguliwa. Naogopa, mwanangu. Nikienda itakuwa kansa. Nisipoenda, ni nyama tu."

"Baba..."

"Nilikuwa natafuta pa kujificha, na wewe ukanijengea. Na mlango ukaweka. Nakushukuru. Sasa nenda kamwambie mama yako amwage lile jagi."

Nikatoka uani.  Nikatoa simu ili nitazame saa.

Ilikuwa bado inarekodi.

Nikaketi juu ya ndoo. Nikakata sehemu ya mwanzo, ya makofi. Nikabakisha ya sinki.

Nataka mjue kwamba nilifikiri. Haikuwa bahati mbaya wala kidole kuteleza. Nilijua ninachofanya, nikaituma kwenye grupu la familia, watu sitini na tatu.

Nilichosahau ni kwamba simu ya shangazi ilikuwa imeunganishwa na spika.

Akaufungua ujumbe mbele ya foleni. Na mtaa mzima, kuanzia kwa kinyozi hadi kwa wauza matairi, ukasikia sauti ya baba yangu, kubwa kuliko ya Profesa:

"NAOGOPA, MWANANGU. NIKIENDA ITAKUWA KANSA. NISIPOENDA, NI NYAMA TU."

Blenda ikazimwa.

Baba akatoka mbele na aproni yake. Watu wakatazama glasi zao. Hakumtazama hata mmoja, alinitazama mimi.

"Umenivua nguo barabarani."

Sijawahi kusikia sauti ile. Hata kuiga siwezi.

"Ndiyo, baba."

"Mimi baba yako."

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru. Lakini mama akapita katikati yetu na lile jagi, akalitua juu ya meza ya kukatia nyama, likarusha matone.

"Umeshavuliwa," akamwambia. "Hakuna kilichobaki cha kuficha. Kunywa!"

Baba akalichukua jagi. Akanywa, macho yake hayatoki usoni kwangu. Kila funda lilikuwa tusi. Alikunywa kuanzia pale hadi jioni, na usiku ule kila mlango wa choo ulipogongwa niliusikia kama jina langu.

Alhamisi wakakitoa.

Daktari alitoka kutueleza. Shangazi naye alikuwepo, amesimama mbali nasi hatua sita, ameshika chupa ya juisi yake.

"Kimetoka chote. Tutakipima, lakini kwa macho yangu hakijawa kansa. Mngengoja mwaka au miwili, sijui ningewaambia nini."

Mama akakaa chini. Shangazi akakohoa.

"Daktari, mwambie na sababu. Mwambie ni nyama."

"Nyama nyekundu ukila nyingi inaongeza hatari, hilo ni kweli. Soseji na nyama za kusindikwa ndiyo zaidi. Apunguze. Na mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa, vinasaidia kushusha hatari."

"Mnasikia!"

"Lakini hakuna jani linalokwenda kukata kinyama kilichokwisha kuota. Hakuna papai, hakuna unga. Nimesikia kuna mtu anauza hicho kitu huko mitaani."

Shangazi akaificha chupa nyuma ya mgongo.

"Wewe ni nani yake?" daktari akamuuliza.

"Dada yake."

"Mkubwa? Basi na wewe uje upimwe."

"Mimi? Mimi sijala nyama miaka kumi na moja!"

"Mama, sijakuuliza unakula nini. Nimekuuliza umezaliwa na nani."

Shangazi alibisha wiki nzima. Alimwita daktari mchawi, akamwita mama mnafiki, mimi akaniita jina ambalo siwezi kuliandika kwa sababu bado nasoma. Kisha majibu ya baba yakaja: seli zilikuwa zimeanza kubadilika, bado hazijawa kansa. Kesho yake duka la shangazi halikufunguliwa. Alikuwa amekwenda peke yake, bila kumwambia mtu.

Walimkuta navyo vitatu!

Vidogo, wakavitoa pale pale. Mama ndiye aliyeleta habari. Baba alikuwa kitandani, akainua kichwa.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Mimi kilikuwa kimoja," baba akasema, kwa majivuno ya timu iliyoshinda ugenini.

Msidhani walipatana. Ubao wa shangazi sasa umeandikwa: MBOGA HUPUNGUZA HATARI. KAPIMWE. Chini yake, kwa maandishi madogo: NYAMA BADO NI MBAYA. Baba ameandika: NYAMA, KIDOGO KIDOGO. DADA YANGU ALIKUWA NAZO TATU. Wanatukanana kila asubuhi kama kawaida. Wateja wa papai walitaka kumpiga shangazi, shangazi akawaelekeza kwangu, nikajifungia chumbani siku mbili.

Sasa funzo, maana nimesoma shule ya bweni na insha bila funzo inakatwa alama.

Nilidhani watu wanaamini dawa za kwenye simu kwa sababu ni wajinga. Baba yangu hakuamini hata neno moja. Alikuwa anaogopa, na mwoga hatafuti dawa, anatafuta ruhusa ya kutokwenda. Mimi nilimpa ruhusa hiyo kwa sauti nzito, na kikohozi. Kila unaposambaza ujumbe wa Profesa usiyemjua, kuna mtu mahali fulani amekaa na damu kwenye suruali, anaungoja huo huo. Ukimpa akafa, usiseme ulikuwa unatania.

Na kama wewe ndiye uliyekaa na hiyo damu, ondoka kwenye ukurasa huu. Nenda. Utamalizia kusoma ukirudi.

Baba hakunisemesha siku kumi na tisa. Chakula alikuwa akinisogezea bila kunitazama. Mama alisema niombe radhi, nikaomba mara saba, na mara saba alinisikiliza kama redio ya jirani.

Siku ya ishirini nilikuwa nimesimama mlangoni mwa bucha. Akaja kutoka ndani, paja la ng'ombe begani, mishipa ya shingo imemtoka, mzima kama fahali, amenuna kama mvua.

Akasimama mbele yangu. Akanitazama.

"Pisha," akasema.

Nikapisha.